Mbwa wa getini, paka wa jikoni na minyoo yao: wakazi wa Dodoma tuongee hapa

Mkaguzi wa Nyama

Mbukwenyi wakuu, poleni na majukumu.

Grupu la wasapu la mtaa wetu huku Nzuguni wiki hii limewaka moto na mada yenyewe ni paka. Mmoja kasema unyoya wa paka ukiuvuta unaenda kukaa kwenye kizazi na mwanamke hazai tena, mwingine kaongezea chumvi yake, basi watu wakaanza kufukuza paka, kuna waliowatia kwenye kiroba wakaenda kuwatupa huko njia ya Ihumwa. Sawa. Ila hao hao waliotupa paka, mbwa wao wa getini anarushiwa mapafu mabichi ya mbuzi kila wakichinja, afu watoto wanamkumbatia shingoni na hapo hakuna anayeona tatizo. Ndo nikasema ngoja nilete uzi, maana tunachokiogopa hakina habari na sisi na chenyewe chenye habari tunakilisha kwa mikono yetu.

Mimi ni mtu wa mifugo, nimekagua nyama machinjioni huku kanda ya kati muda mrefu. Sio daktari wa watu, kwaiyo dozi za binadamu msiniulize nitawarudisha hospitali.

Naanza na ninaloliona kazini. Unafungua kondoo au mbuzi au ng'ombe, kwenye ini au mapafu unakuta vifuko vyeupe vimejaa maji, vingine vidogo vingine ngumi nzima ya mtu mzima. Ugonjwa wenyewe unaitwa haidatidi na ndani ya yale maji kuna tegu wachanga, yaani minyoo bapa, wengi tu wanasubiri mbwa. Mimi lile ini nalikataa, mwenye mzigo ananuna anasema nimemtia hasara, akipinda kona analirusha kwa mbwa ili "lisipotee bure". Uharibifu unaanzia hapo hapo. Tena sikilizeni hii maana wengi wanaielewa kichwa chini miguu juu: mtu akila hilo ini hapati haidatidi. Anayeambukizwa kwa kulila ni mbwa. Vile vifuko vibichi vikiingia tumboni mwa mbwa wanatoka tegu wadogo mno, hata sentimita moja hawafiki, anaweza kuwa nao maelfu na wala hakondi, anabweka kama kawaida, na baada ya wiki sita saba hivi anaanza kutoa mayai kwenye kinyesi. Mayai yakitoka tu yako tayari kwa kazi. Yanashika kwenye manyoya yake, kwenye majani wanayokula mbuzi, kwenye mchicha, kwenye maji ya lambo. Mbuzi akiyameza anaota vifuko, wewe ukiyameza unaota vifuko.

Na kwa mtu vinakua polepole, miaka na miaka, mara nyingi kwenye ini, halafu mapafu. Mtu hasikii kitu mpaka kifuko kiwe kikubwa kianze kubana, anahisi tumbo kujaa upande wa kulia, anakunywa dawa za vidonda vya tumbo, anakunywa mitishamba, siku anapiga altrasaundi ndo linaonekana. Kikipasuka humo ndani yale maji yanaleta mzio mkali unaoweza kuua, ndo maana madaktari hawakitoboi hovyo. Wenzetu wa Turkana kule Kenya waliwahi kuwa miongoni mwa watu walioathirika zaidi duniani na ugonjwa huu, na maisha yao hayana tofauti kubwa na ya huku kwetu Bahi au Kongwa, mifugo, mbwa wa kuchunga na maji ya shida.

Ya pili ni minyoo ya duara ya mbwa na paka, toksokara. Hii iko hata kwa mbwa wa Area C wa kwenye ukuta wenye nyaya za umeme. Mtoto wa mbwa anazaliwa nayo tayari, inapita kutoka kwa mama yake akiwa bado tumboni, na ananyonya nyingine kwenye maziwa. Kale katoto ka mbwa kenye kitambi mnachokicheka, kile kitambi mara nyingi ni minyoo. Mnyoo jike mmoja anataga mayai zaidi ya laki moja kwa siku. Haya yenyewe yakitoka hayaambukizi papo hapo, yanataka kama wiki mbili mpaka nne kwenye udongo ndo yakomae, kwaiyo hatari iko kwenye mchanga kuliko kwenye kumshika mbwa. Jua letu la Dodoma linasaidia, juu ya ardhi ya wazi yanakauka. Shida ni kivulini, chini ya mwembe, pembeni ya simtanki panapovuja, na jueni mtoto na mbwa wote wanapenda pale pale. Sehemu ya namna hiyo mayai yanadumu miaka.

Mtoto akiyameza, vifunza vinatoboa utumbo na kuzurura mwilini, ini, mapafu, mpaka jicho. Kwa binadamu havikui kuwa minyoo kamili, vinatangatanga tu na kuacha uharibifu. Homa isiyoeleweka, kikohozi cha kukoroma, tumbo, au jicho moja linapoteza nuru. Mwaka 1950 kule Marekani Helenor Wilder alichunguza macho 46 ya watoto yaliyokuwa yameng'olewa, mengi yalidhaniwa yana saratani, akakuta 24 yana vifunza vya minyoo. Jicho la mtoto limetolewa kumbe mnyoo. Hilo huwa linanikaa sana kichwani.

Paka nitakuja naye, naomba nile kwanza.

kijana wa Kizota

Siti ya mbele hapa. Mkuu umenitisha, mimi ndo mrusha mapafu mwenyewe 😂

Mzee wa Tembe

Acheni kutishana. Babu zetu walilala kwenye tembe ndama upande huu, mbuzi upande ule, mbwa mlangoni, na wamekufa wazee wana mvi. Haya magonjwa yameletwa na altrasaundi. Na hao wazungu wanaolala na mbwa kitandani wanamlamba mdomoni mbona hawafi?

Mkaguzi wa Nyama

Shikamoo mzee wangu. Babu zetu waliokufa kwa "tumbo" na "kurogwa" nani aliwapasua akaona kulikuwa na nini?

Ila la wazungu umeuliza vizuri. Hao walikufa sana tu. Iceland ni kisiwa cha wachunga kondoo, karne ya 19 haidatidi iliwamaliza mpaka Denmark ikamtuma mtaalamu anaitwa Harald Krabbe mwaka 1863 akachunguze, akakuta mbwa wao wamejaa tegu. Wakaanza kuelimishana, wakaja sheria za kuwapa mbwa dawa na kuharibu matumbo ya kondoo waliochinjwa, na mji wa Reykjavik mwaka 1924 wakapiga marufuku kabisa kufuga mbwa mjini. Marufuku hiyo imekuja kulegezwa miaka ya themanini. New Zealand nao walipambana miongo mingi mpaka mwaka 2002 wakatangaza wameumaliza. Kwaiyo huyo mzungu anayelambwa mdomoni mbwa wake ana kadi ya dawa, hali matumbo mabichi, na haokoti chochote machinjioni. Wa kwako mzee ana kadi ya nini?

Mzee wa Tembe

Marahaba. Wa kwangu ana chanjo ya kichaa, walipita bure wakachanja.

Mkaguzi wa Nyama

Vizuri sana na aendelee kuchanjwa kila mwaka. Ila hiyo ni ya kirusi cha kichaa cha mbwa peke yake, kwenye minyoo haisaidii hata kidogo. Nakutana na hili kila kijiji, mtu anakuonyesha cheti cha chanjo anaamini mbwa wake ni msafi mwili mzima. Na kwa kuwa tumegusa kichaa, mbwa akikung'ata osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha kimbia hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kuangalia mbwa atafanyaje. Ni mada nyingine hiyo, tusihame.

Mama Gloria

Samahani kaka, nina ujauzito wa miezi minne na nina paka wangu nampenda yupo tangu sijaolewa. Mume wangu na wifi wanasema aondoke mimba itaharibika. Naomba ukweli usinifiche.

Mkaguzi wa Nyama

Dada yangu hongera. Ukweli ni kwamba hofu yao ina mzizi ila wameshika tawi. Manyoya hayana shida na mimba. Kinachoogopwa ni kimelea kinaitwa toksoplazma, na paka anakitoa kwenye kinyesi. Mama akikipata kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito kinaweza kuvuka kwenda kwa mtoto, mimba ikatoka au mtoto akazaliwa na shida ya macho au ubongo.

Sasa paka kwa kawaida anakitoa kipindi kimoja tu maishani, wiki moja mpaka tatu hivi, anapokipata mara ya kwanza, na mara nyingi ni akiwa mdogo ndo kwanza anaanza kuwinda panya. Wako ni mkubwa, ameshakula panya wa kutosha. Pili, kinyesi kikitoka kinachukua siku moja mpaka tano ndo kianze kuambukiza. Kwaiyo kikiondolewa kila siku na mtu mwingine, hapa namsema mume wako, hatari inashuka sana. Kama lazima ukitoe wewe, vaa glavu na unawe.

Ninachokihofia zaidi kwako ni mishkaki. Toksoplazma inakaa kwenye nyama pia, mbuzi, kondoo, nguruwe. Ile choma ya Msalato ambayo katikati bado nyekundu watu wanasema ndo tamu, wewe ipishe mpaka ujifungue. Kachumbari ya kibandani nayo, mboga ya bustanini ambako paka wa mtaa mzima wanafukia vyao, ioshe sana au ipike. Maji ya kunywa chemsha, maana mayai ya huyu mdudu klorini haiyawezi. Ukienda kliniki mwambie nesi una paka, waamue wao kama kuna kipimo.

Mama Gloria

Asante sana, nimemsomea mume wangu hapa kanyamaza. Paka anabaki.

Nesi wa Makole

Naomba niongezee upande wa watu. Ndugu zetu wanaoishi na VVU ambao kinga imeshuka sana, CD4, yaani zile chembe za kinga, chini ya 100, toksoplazma iliyolala mwilini inaamka na inashambulia ubongo, mtu anapooza upande mmoja, anapata degedege, familia inasema katupiwa jini. Ile septrini mnayopewa kliniki mnaiona ya kikohozi tu, kazi yake mojawapo ni kuzuia hili. Msiiache bila kuambiwa.

Na hiyo toksokara, wazazi wanatuletea choo cha mtoto kipimwe, hakionekani kitu, wanarudi wanasema wamedanganywa. Haionekani kwenye choo kwa sababu kwa mtu haitagi mayai. Daktari anaanza kushuku akiona kwenye kipimo cha damu cha FBP zile chembe nyeupe za eosinofili ziko juu sana, afu anauliza nyumbani kuna mbwa? mtoto anakula udongo? Wengi hawasemi kama hawajaulizwa, kwaiyo semeni wenyewe.

Kibaya wa Chamwino

Hapo kwenye udongo dada nesi, na wajawazito wanaokula ule udongo wa pemba je? Mke wangu ananunua sokoni kwenye mafungu, anasema ni safi haujakanyagwa.

Nesi wa Makole

Nani anajua ulichimbwa wapi na kuanikwa wapi kaka. Ukianikwa chini uani kuna mbwa na kuku ni hapo hapo. Mwambie aje kliniki aangaliwe damu, mara nyingi hamu ya udongo inaenda pamoja na upungufu wa damu, akipewa vidonge vya madini chuma wengine inapungua. Usimgombeze.

Mrangi Halisi

Sisi kule Kondoa mbwa ni najisi, haingii ndani, chombo alicholamba kinaoshwa mara saba. Kwaiyo haya yanawahusu nyie wengine.

Mkaguzi wa Nyama

Kwenye kuosha vyombo mmetuzidi, nakubali. Ila mbwa wa jirani akijisaidia kwenye bustani yako ya mchicha hakuulizi dini yako. Na paka mnamkaribisha jikoni, naye ana toksokara yake. Nilimaanisha kumtaja huyo tangu mwanzo.

Binti wa Mpwapwa

Wakuu nina ushuhuda. Mjomba wangu alikuwa mchungaji wa mbuzi upande wa milimani huku, tumbo likamsumbua miaka, hospitali moja wakamtibu vidonda vya tumbo mpaka akachoka, nyingine wakamwambia ini limeshaoza ajiandae. Kuja kupiga altrasaundi na wataalamu wengine wakasema ni kifuko cha maji. Akawekwa kwenye albendazoli kwanza muda mrefu, ndo akafanyiwa upasuaji. Leo analima. Ila kinachoniuma hakuna hata mmoja aliyetuuliza habari ya mbwa nyumbani, mbwa wale wale wapo na wanakula vile vile.

Mkaguzi wa Nyama

Pole, na hilo la mwisho ndo donda letu. Mtu anatibiwa, mbwa habadilishiwi kitu. Nenda kwa afisa mifugo wa kata, mbwa wote wa boma lile wapewe dawa siku moja, na wana familia wengine wapige altrasaundi hata kama hawaumwi, maana wamekula chungu kimoja na mjomba. Mjomba mwenyewe hawezi kumwambukiza mtu, msimtenge.

kijana wa Kizota

Mkuu mimi mguu una mstari mwekundu unatambaa kila siku unasogea unawasha usiku balaa, nilikuwa nachimba msingi saiti bila buti mvua za Januari. Ni hayo hayo?

Nesi wa Makole

Inafanana sana na minyoo ya safura ya mbwa na paka, vifunza vyake vinapenya ngozi vikidhani wewe ni mbwa, vinapotea njia vinatambaa chini ya ngozi. Vinapenda mchanga wenye unyevu ndo maana umevipata mvua. Njoo kituoni uonekane, dawa ipo, aivamektini au albendazoli, inategemea. Usiuchome na mshumaa wala usipake mafuta ya breki, nimeviona vyote hivyo.

Mzee wa Tembe

Na funza wa vidoleni? Wajukuu wanao, na mbwa makucha yote yamevimba.

Mkaguzi wa Nyama

Mzee huyo ni kiroboto anayezama kwenye ngozi, na mbwa na nguruwe ndo wanaomfuga. Ukiwatoa watoto funza ukamwacha mbwa, wiki ijayo wanarudi. Mwagia sakafu maji vumbi lishike, siliba ikiwezekana, mbwa atibiwe. Na ile sindano moja kuchokonoa watoto watano iacheni, mnajitafutia pepopunda na kugawana VVU. Viroboto wa kawaida nao wasimamieni, mtoto akimeza kiroboto wa mbwa anapata tegu mwingine, huyo unaona vipande kama punje za mchele kwenye choo. Hana makali lakini mama akiviona anaweza kuzimia.

Kibaya wa Chamwino

Sasa tupe utaratibu mkuu, dawa gani, mara ngapi, tununue wapi. Na mimi mbwa wangu mkali haguswi hata na mimi mwenyewe.

Mkaguzi wa Nyama

Watoto wa mbwa anza wakiwa na wiki mbili, rudia kila wiki mbili mpaka wiki ya nane, halafu kila mwezi hadi miezi sita. Mama yao umpe pamoja nao. Mkubwa kila miezi mitatu. Duka la dawa za mifugo ukifika usiseme tu "dawa ya minyoo ya mbwa" maana utapewa ya minyoo ya duara peke yake, uliza kama ndani ina prazikwanteli, hiyo ndo inayoua tegu wa haidatidi. Shirika la Afya Duniani nalo linataka mbwa wa maeneo ya wafugaji wapewe hiyo angalau mara nne kwa mwaka. Na usimpe mbwa ile ya kunyweshea ng'ombe kwa kukadiria kwa jicho, dawa inakwenda kwa kilo. Kumpima ni rahisi, simama na mbwa mkononi juu ya mzani wa kupimia watu, kisha simama peke yako, toa. Huyo wako mkali ambaye habebeki mwite bwana mifugo akamkadirie, vidonge fichia kwenye ugali wenye mchuzi na uhakikishe amemeza.

Siku ya dawa na siku mbili tatu zinazofuata mfunge sehemu moja, kinyesi chake chote chimbia au choma.

Na nyie wa kuchinja nyumbani, harusi, msiba, ubarikio, ini na mapafu yenye vifuko visitoke kwenye himaya yako. Chimba shimo refu, weka mawe juu ya udongo maana mbwa wa huku wanafukua. Kama unataka kumlisha mbwa mapafu, chemsha ichemke nusu saa nzima ndo umpe.

kijana wa Kizota

Nusu saa ya gesi kwa mapafu ya mbwa mkuu? Na bei ya gesi hii?

Mkaguzi wa Nyama

Tumia kuni. Au mpe dona na dagaa, halazimiki kula mapafu.